Uso wa Mwalimu Wetu wa Hesabu

Mke wangu alikwenda Unguja kumlea mjukuu wetu wa kwanza, akakaa huko. Hatukugombana. Binti yetu alijifungua, akawa anahitaji mtu wa kumsaidia, na mama yake akafunga begi moja akasema atarudi mtoto akianza kutambaa. Mtoto akatambaa, akasimama, kisha akazaliwa wa pili. Kila nikimuuliza atarudi lini huniambia, "Nakuja, we ngoja kidogo," na sauti yake haina uongo. Nadhani kweli anakusudia kuja. Ila huko anahitajiwa kutwa nzima, na huku kuna mimi tu.

Mie ni fundi redio wa Shumba Mjini. Nasema ni, ingawa redio hazipo tena. Zamani baraza yangu ilikuwa haikauki watu. Siku hizi kila mtu ana simu, na simu ikiharibika hupelekwa Konde kwa vijana wenye vifaa vyao. Nilibaki na chumba cha kazi kilichojaa nyaya, meza yenye taa ya lenzi, na mazoea ya kukaa hapo toka asubuhi mpaka adhuhuri kama kwamba kuna mtu atakuja.

Ndipo nilipokuwa nimekaa siku aliyokuja Mjapani.

Alikuwa mzee mfupi, nywele nyeupe zote, kofia ya kitambaa mkononi. Alisimama jua kali mbele ya baraza, akanitazama, akasema:

"Mie nchoka, yakhe."

Nilicheka mpaka nikaona haya. Kiswahili cha wageni nakijua, kile cha jambo na asante. Huyu alisema amechoka kwa Kipemba cha jikoni kwetu, na yakhe yake kama rafiki wa siku nyingi, tena kwa mlio wake.

"Kikwetu hicho kakufunza nani?"

"Mke wangu," akasema. "Kila siku akirudi kazini. Mie nchoka, yakhe."

Akatoa simu akanionyesha picha ya mwanamke mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha bustani, blanketi magotini. Sikumjua. Akaniambia mke wake alipokuwa msichana alikuja Pemba kwa kujitolea, akafundisha hesabu skuli yetu, na kwamba pale alipofikia Konde wamemwambia fundi redio wa Shumba ni mmoja wa wanafunzi wa wakati ule. Hapo nikafahamu. Nikaichukua tena simu nikaitazama ile picha, nikitafuta ndani yake yule msichana aliyekuwa akituandikia ubaoni kwa mkono wa kushoto. Sikumwona.

"Yuko wapi Mwalimu?" nikauliza.

Akanyanyua kiganja, akakitazama kama neno limeandikwa humo, kisha akakishusha. "Hayupo. Amekufa mwaka jana."

Nikampa pole, nikamkaribisha ndani, nikamtilia chai. Alikunywa vikombe viwili bila kusema kitu, na ilikuwa raha kuwa na mtu wa kunyamaza naye.

Haikupita wiki akahamia kwangu. Nilimpa chumba cha uani alichokuwa akilala binti yetu. Kiswahili chake kilikuwa kibovu lakini kilitosha, na kilipokwama tulimalizia kwa Kiingereza changu cha skuli. Tukaitana Fundi, yeye kwangu na mie kwake, kwa sababu siku ya pili niliuliza kazi yake.

Kazi yake ilinichukua muda kuielewa. Kwao, alisema, watu wazima hununua sanamu ndogo za watu wa katuni, wasichana wenye nywele za buluu, wapiganaji wenye mapanga, na wengine hununua maboksi ya vipande vya plastiki vya kuunganisha, roboti na meli na ndege, wakakaa navyo mezani siku nyingi kwa gundi na brashi. Hizo sanamu si za kuchezea watoto. Huwekwa kwenye kabati la kioo. Yeye alikuwa mchongaji wa kiwanda kimoja cha vitu hivyo. Alichonga ile ya kwanza kwa mkono, kwa udongo, na kutoka hiyo ndipo hutengenezwa kalibu za kiwandani, ikamwagwa humo plastiki, zikatoka maelfu.

"Wewe umefanya ngapi?" nikauliza.

"Nyuso?" Akafikiri. "Nyingi. Sasa kompyuta inafanya. Kijana anakaa, anachonga na kipanya. Mimi nikawa natazama tu. Halafu wakanipa maua, wakaniambia asante."

Nilimwelewa zaidi alivyodhani. Nikampa nusu ya meza yangu.

Binti yangu nilipomhadithia kwa simu alipiga ukelele. Mumewe anaziangalia hizo katuni za Kijapani, akasema, na mtu aliyechonga sanamu zake si mtu wa kulala chumba cha uani Shumba. Mama yake akampokonya simu.

"Sanamu?" akasema. "Ndani ya nyumba yangu?"

"Hajachonga kitu bado."

"Na akichonga?"

"Ungekuwapo ungemkataza mwenyewe."

Nikasikia watoto wanalia nyuma yake. "Haya," akasema, "nitakupigia," na siku ile hakupiga.

Alichotaka Mjapani alinieleza kidogo kidogo, kama mtu anayeomba kitu kikubwa. Alimwoa Mwalimu akiwa mwanamke mtu mzima tayari, amesharudi kwao kutoka Pemba miaka mingi. Picha za ujana wa mkewe hazikuwapo, kwa sababu nyumba ya wazee wake iliungua. Katika miaka yote waliyoishi pamoja, mkewe alimsimulia Pemba tu. Mvua ya hapa, muhogo wa hapa, watoto waliomfuata njiani wakimhesabia moja mpaka kumi kwa Kijapani alichowafunza. Sasa yeye alitaka kumchonga alivyokuwa wakati ule, msichana wa Pemba.

"Mimi sikumjua huyo," akasema. "Wewe ulimjua. Niambie uso."

Nikasema, haya, rahisi. Nikafumba macho nianze. Nikakuta mkono wa kushoto na chaki. Nikakuta harufu ya ile dawa ya mbu ya kuchoma, maana nguo zake zilinuka hiyo. Nikakuta viatu vya kamba. Na nikakuta alivyokuwa akicheka: akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Darasa zima tulikuwa tukimwiga. Nikamwambia hilo.

"Nyumbani pia," akasema. "Kila siku, mkono hapa."

Uso wenyewe sikuuona. Niliona mkono uliouziba.

Akaanza kazi hivyo hivyo. Alikuwa na udongo wa kijivu aliokuja nao, visu vidogo kama vya daktari wa meno, na sindano alizozipinda mwenyewe. Taa yangu ya lenzi ikampendeza mno. Asubuhi tulikaa upande kwa upande, yeye na kichwa cha ukubwa wa limau, mie na redio moja mbovu niliyoifungua kusudi nami nionekane nina kazi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi sana. Bonge likawa kidevu, kidevu kikapata shingo. Siku chache baadaye akaligeuza kwangu.

"Ndiye?"

Nilitazama. Kilikuwa kichwa cha msichana mzuri sana, kipaji cha uso kipana, kidevu cha ncha, pua ndogo ya kutafutwa.

Ningeweza kusema ndiye. Alinitazama kwa hamu namna ambayo mtu yeyote angesema ndiye. Lakini nilikaa darasani mwa mwanamke yule, na hakuwa vile.

"Siye, Fundi," nikasema. "Huyu mzuri zaidi."

Aliganda kidogo, halafu akacheka, na ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka. "Kweli. Huyu msichana wa kiwanda." Akanyanyua mkono wake wa kulia, akaugeuzageuza mbele ya taa. "Mkono wangu unajua uso mmoja. Maisha yote uso mmoja, nywele tu tofauti." Akaubonyeza uso ule kwa dole gumba, ukapotea.

Nikampeleka kwa mwanamke ambaye kijiji kizima humwita Bi tu. Nyumba ya Bi iko Shumba Viamboni, karibu na pwani, na ndiko Mwalimu alikopanga chumba enzi zile. Bi sasa ni mzee sana, macho yana ukungu, lakini ulimi mzima kabisa. Alipoambiwa mgeni ni nani alimshika Mjapani mikono yote miwili, akamlaumu kwa kuchelewa.

"Mbona hukumleta mwenyewe akiwa hai?"

"Alitaka kuja," akasema Mjapani. "Mimi nilikuwa na kazi. Kila mwaka, mwaka ujao."

Bi akamwachia mikono. Akaagiza madafu.

Nilimweleza habari ya sanamu, na nikafungua kitambaa nimwonyeshe bonge tulilokwenda nalo. Akageuza uso upande. "Hilo silitaki. Liondoe. Halafu nambie, mashavu umemtia? Alikuwa na mashavu yule, kama maandazi ya siku ya kwanza. Na nyusi zilikuwa zimekaribiana. Na mwanya mbona husemi?"

"Mwanya?" nikauliza.

"Mwanya, ee. Hapa mbele. Mkubwa, anapitisha ukoko wa wali."

Mjapani aliniangalia, neno halijui. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye meno yangu mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Hapana. Mke wangu meno sawa."

"Labda alikwenda kuyatengeneza kwao," akasema Bi. "Hapa alikuwa nao. Uani kwangu akicheka na wanawake wenzake alikuwa akiachama mdomo mpaka koo tunaliona. Tukamwambia mwanya ni uzuri, hakuamini. Mara ya kwanza alijiziba, tukamshika mikono, tukamwambia hapa hapana mwanamme, cheka. Basi akacheka."

Nilimtafsiria taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka dafu chini.

Njiani kurudi, tulipokuwa tukipita mashamba ya muhogo, alisimama. Nilidhani amechoka.

"Kila mtu hapa aliona," akasema. "Mimi mume wake, sikuona."

Nilitaka kumwambia kwamba mie pia sikuuona huo mwanya, kwamba wanafunzi wake wote hatukuuona, waliouona ni wanawake wa uani tu. Lakini sikuona kama hilo lingemsaidia. Tukashika njia mpaka nyumbani.

Baada ya hapo alichonga kama mtu mwenye deni na kifo. Alivunja, akaanza, akavunja. Mashavu yakaja. Nyusi zikaja. Nami kila alipoyapata mashavu, nikakumbuka jambo jingine, masikio yaliyosimama kidogo, alama ya kidonda karibu na kidevu, mpaka nikaanza kuogopa kwamba sikumbuki bali nabuni. Nilimwambia hofu hiyo. Akasema kiwandani ilikuwa hivyo hivyo, mtu aliyechora katuni naye akibuni.

Ijumaa moja baada ya sala imamu wa msikiti wetu alinifuata nyumbani. Tumesoma pamoja, mie na yeye, toka chuo cha Kurani mpaka hesabu za Mwalimu. Akakaa barazani, akaulizia mke wangu, akaulizia wajukuu. Nikajua kuna jambo.

"Watu wanasema mgeni wako anachonga mtu," akasema.

"Anamchonga Mwalimu."

Alimpenda Mwalimu, huyu, kuliko sote. Ndiye aliyekuwa akipata alama za juu. "Yeye si Muislamu, la kwake ni baina yake na Mola wake," akasema. "Lakini nyumba ni yako, na anayempa sura ni wewe kwa maneno yako. Mie sikuja kukugombeza. Nimekuja kukwambia nisichopenda wakwambie wengine kwa ukali."

"Nifanye nini?"

"We wajua."

"Nimfukuze?"

"Sikusema umfukuze, yakhe! Ntu mpweke yule."

Aliposema hivyo nilitaka kumuuliza kama mie hanioni. Sikuuliza. Alikunywa kahawa akaondoka.

Nikamwambia Mjapani kila kitu, kwa sababu sikuona sababu ya kumficha. Hakukasirika. Aliuliza maswali mengi, kama fundi: ubaya uko wapi hasa, kwenye mwili, kwenye uso? Nikamwambia nijuavyo mie, mtu asiye mwanachuoni, kwamba ni ile kuumba kiumbe kama kwamba utampulizia roho. Akafikiri.

"Kwetu macho mwisho," akasema. "Kila sanamu, macho ni siku ya mwisho, brashi ya unywele mmoja. Kabla ya macho ni plastiki tu. Ndani ya nyumba yako sitatia macho."

Sikujua kama hilo linatosha kwa imamu. Kwangu lilitosha, au nilitaka litoshe. Nikampelekea jibu, akasema tu, "Haya," wala hakulizungumza tena. Ila barazani kwangu watu wakapungua zaidi, na jirani aliyekuwa akiniletea sahani ya wali siku ya Ijumaa akawa hakumbuki.

Akamaliza kichwa, akakiweka juu ya mwili mdogo wenye gauni refu na mtandio mabegani. Mkono wa kushoto ukanyanyuka kuelekea usoni, haujafika. Mdomo wazi, unacheka. Na mwanya upo. Mahali pa macho palikuwa laini, kama mtu aliyelala huku anacheka.

"Ndiye?"

Nilikaa nayo chini ya taa. Mashavu ni yale ya Bi. Masikio ni yangu, niliyoyakumbuka au kuyabuni. Kuna namna shingo ilivyoinama ambayo sikumwambia wala Bi hakumwambia, lazima aliijua yeye mwenyewe kutoka kwenye uzee wa mkewe. Na kwa dakika moja nikasikia chaki.

"Sijui, Fundi," nikasema. "Wallahi sijui. Lakini namjua."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. Akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Kibali chake cha kukaa kilipokwisha nilimsindikiza uwanja wa ndege wa Chake Chake. Sanamu aliibeba mkononi ndani ya boksi alilolitengeneza kwa mabaki ya kasha la redio. Tulipoagana alinishika mkono, halafu akaona haitoshi, akanikumbatia kwa aibu, kichwa chake kikanifika kifuani. Kwa miezi michache ya mwanzo tulipelekeana ujumbe. Nilimuuliza kama ametia macho. Akajibu bado, anafikiri. Nilipouliza tena akanipelekea picha ya theluji dirishani kwake. Siku hizi hutuma salamu za Idi, kwa tarehe isiyo sahihi, nami humshukuru.

Alichoniachia ni ugonjwa. Nikiwa peke yangu mezani nilifumba macho nikajaribu kuusema uso wa mke wangu, kama alivyokuwa akiniuliza Fundi: anza na kipaji, shuka. Nikapata kanga yake ya rangi ya karafuu. Nikapata kipini puani. Nikapata mgongo wake ameinama jikoni. Zaidi ya hapo sikupata kitu cha kumtosha mtu kuchongea, na huyu nimelala naye nyumba moja toka ujana wetu. Niliona hofu kweli kweli. Kesho yake nikafunga chumba cha kazi nikapanda boti kwenda Unguja.

Binti yangu anakaa ghorofani. Mke wangu alinifungulia mlango na mtoto kiunoni, akashangaa, akafurahi, akaniuliza kuna msiba gani. Nikamwambia hapana msiba. Nikakaa kwenye kigoda jikoni nikamwangalia anavyokuna nazi.

"Mbona waniangalia hivyo?"

"Nakutazama tu."

"Una homa?"

"Hicho kidoa chini ya jicho," nikasema, "kilikuwapo siku zote?"

Akaacha kukuna. Alinitazama sana, nikaona kwamba naye anajaribu kukumbuka kitu. "Toka nizaliwe," akasema taratibu. "Mama yangu alikuwa nacho pia."

Nilikaa kiasi cha kuwatengenezea feni na kuzoewa na watoto. Nilimuuliza mara moja tu, tena kwa upole, kama tungerudi pamoja. Akasema mkubwa anaanza skuli, na binti yetu ana zamu za usiku hospitali, na kwamba yeye mwenyewe anajua niko peke yangu, si kwamba hajui. "Wewe mbona huji ukakaa hapa?" akauliza. Nikafikiria zile ngazi, na wanaume wasionijua pale chini, na nyumba imefungwa Shumba. Nikashika bisibisi nikaendelea na feni, naye hakunishikilia.

Alinisindikiza bandarini akiwa na mtoto mdogo. Mtoto akaanza kulia kiu kabla boti haijaondoka, ikabidi ageuke kumtafutia maji. Nilimwona anapenya baina ya watu, kanga imemshuka kichwani, mpaka nikampoteza. Boti ikatoka. Nilikaa dirishani njia nzima mpaka Mkoani, kisha nikapanda gari la Wete, na kutoka huko la Konde. Nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Nikafungua madirisha yote hewa iingie, nikabandika muhogo, nikakaa kuungoja uive.